Jifunze utafiti wa saikolojia kwa karatasi mbili na saa ya simu

Kila mwaka tasnifu zinapokaribia kukusanywa, napigiwa simu ya aina moja. Mwanafunzi wa saikolojia ana madodoso 180 yaliyokwisha kujazwa, kayabeba kwenye bahasha ya kaki, na anauliza: "Kaka, hapa natumia kipimo gani?" Namuuliza alitaka kujua nini. Kimya. Kisha ananisomea kichwa cha tasnifu, chenye "athari", "mchango", "mahusiano" na "changamoto" vyote kwa pamoja, na hapo najua tutakesha.

Si takwimu zilizomshinda huyo. Kilichomponza ni kwenda kukusanya data kabla hajajua jibu lake litakaa kwenye jedwali la namna gani. Kwa hiyo hapa hatuanzi na fomula. Utafanya utafiti mmoja mdogo kwa mkono wako, kuanzia swali hadi sentensi ya ripoti, kisha ndipo tuguse dodoso. Tafuta karatasi mbili, kalamu za rangi nne, simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na watu wanane wenye subira.

Hatua ya 1. Chagua swali linaloweza kukukatalia

Mwaka 1935 Mmarekani John Ridley Stroop alichapisha majaribio yaliyokuja kurudiwa dunia nzima. Katika mojawapo aliwapa wanafunzi 100 kazi ya kutaja rangi. Kwanza miraba 100 ya rangi: kwa wastani walimaliza kwa sekunde 63.3. Kisha maneno 100 ambayo ni majina ya rangi, ila yamechapwa kwa wino usiolingana na neno. Walitakiwa kutaja wino, wasisome neno. Wastani ukapanda hadi sekunde 110.3. Aliyezoea kusoma hawezi kulitazama neno asilisome, na neno hilo linamzibia njia.

Je, ndivyo ilivyo kwa anayesoma Kiswahili? Ukiandika "Athari za lugha katika akili" huna swali, una kichwa cha habari. Andika hivi: "Msomaji wa Kiswahili hutumia sekunde nyingi zaidi kutaja rangi ya wino wa maneno yanayopingana na wino, kuliko kutaja rangi ya miraba?" Hilo linaweza kukukatalia. Sekunde zikilingana, umekosea, na kila mtu ataona kwamba umekosea.

Chini ya swali andika mistari miwili: ninachobadilisha ni aina ya karatasi, ninachopima ni sekunde. Walimu wengine huviita vigeu, wengine vigezo. Usigombane nao, ilimradi unajua kipi ni kipi.

Hatua ya 2. Tengeneza vifaa, uone vinavyokusaliti

Karatasi A ina miraba 20. Karatasi B ina maneno 20: nyekundu, bluu, kijani, njano, kila moja kwa wino usio wake. Rahisi? Kaa uzichore.

Kwanza, "nyekundu" ni ndefu mdomoni kuliko "bluu". Ukiwa na wino mwekundu mara tisa kwenye B na mara tatu tu kwenye A, utakuwa umepima urefu wa neno. Kila rangi itokee mara tano kwenye A na mara tano kwenye B. Pili, njano kwenye karatasi nyeupe chini ya taa ya chumbani haionekani vizuri, koleza. Tatu, mmoja atasema "kijani", mwingine "rangi ya majani". Mmoja "njano", mwingine "manjano". Kubaliana nao majina kabla, na wape mistari miwili ya kujaribia isiyohesabiwa. Nne, akikosea itakuwaje? Amua sasa: ajisahihishe ndipo aendelee, na saa isisimame. Kanuni inayotungwa mtu akiwa tayari amekosea humpendelea mtafiti, hata akiwa mcha Mungu.

Waulize pia kama kuna anayepata shida kutofautisha rangi. Wapo, na wengine hawajawahi kuulizwa.

Hatua ya 3. Panga nani aanze na nini

Wote wakianza na A, wakifika B watakuwa wamechoka, au wamezoea. Hutajua kilichowachelewesha. Andika "A kwanza" kwenye vikaratasi vinne na "B kwanza" kwenye vinne, vikunje, tia kwenye kikombe, kila mtu achukue kimoja. Kurusha sarafu hakufai hapa, kwa sababu kwa watu wanane inaweza kukupa sita kwa wawili.

Kabla ya kuanza mwambie kila mmoja: ni zoezi la dakika mbili, nitapima muda, jina lako siandiki, ukitaka kuacha unaacha. Mpe namba, 1 hadi 8. Hili ni zoezi la kujifunzia kati ya marafiki. Utafiti rasmi una vibali vyake kutoka tume za sayansi za serikali, COSTECH kwa Tanzania na NACOSTI kwa Kenya, na unaohusu afya Tanzania unapita kwenye kamati ya maadili ya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba. Ulizia idarani mapema, maana vibali havijui tarehe yako ya kukusanya kazi.

Hatua ya 4. Chora jedwali tupu

Ungenipa nafasi ya kufundisha jambo moja tu, ningefundisha hili. Kabla ya mtu wa kwanza kukaa, chora jedwali: safu ya namba ya mtu, safu ya karatasi aliyoanza nayo, sekunde za A, sekunde za B, na B kutoa A. Lijaze kwa namba za uongo. Fanya hesabu yote kwa namba hizo. Andika sentensi utakayoandika kwenye ripoti, ukiacha nafasi ya tarakimu. Kisha futa namba zote uende kwa watu.

Usipoweza kulichora, swali halijaiva. Ukilichora, kipimo kinajichagua chenyewe. Watu walewale wamepimwa mara mbili? Ni jaribio la t la jozi. Makundi mawili ya watu tofauti? Jaribio la t la makundi huru. Makundi matatu au zaidi? ANOVA. Unahesabu watu katika mafungu, kama waliofaulu na waliofeli kwa jinsia? Kai-mraba. Namba mbili kwa kila mtu, na unataka kujua kama zinapanda pamoja? Uhusiano wa Pearson, au wa Spearman kama namba zako ni za mpangilio tu. Kazi nyingi za shahada ya kwanza zinaishia hapo.

Hatua ya 5. Hesabu kwa mkono, mara moja katika maisha

Nimetunga namba za mazoezi. Zako zitakuwa nyingine. Sekunde za A kwa watu wanane: 14, 16, 13, 18, 15, 17, 14, 13. Wastani ni 15. Sekunde za B, kwa mpangilio uleule: 22, 25, 18, 29, 21, 27, 20, 22. Wastani ni 23. Tofauti ya kila mtu: 8, 9, 5, 11, 6, 10, 6, 9. Wastani wa tofauti ni sekunde 8.

Hapo simama kwanza. Tuseme neno halizuii chochote. Basi kila mtu ni kama sarafu: nusu kwa nusu achelewe A au achelewe B. Wote wanane kuchelewa B ni nusu ya nusu ya nusu, mara nane, yaani 1 kati ya 256. Ukihesabu na upande wa pili, wote wanane kuchelewa A, unapata 2 kati ya 256, takriban 0.008. Hiyo ndiyo thamani ya p, umeipata kwa sarafu. Inasema: kama kusingekuwa na athari yoyote, matokeo makali namna hii yangetokea kama mara 8 katika majaribio 1000. Haisemi kwamba una uhakika wa asilimia 99 kuwa dhana yako ni kweli, na haisemi tofauti ni kubwa. Watu wenye shahada tatu hukosea hapa, kwa hiyo rudia kusoma bila aibu.

Sarafu imetumia upande tu, nani kachelewa wapi. Imezitupa sekunde. Jaribio la t linazitumia. Toa 8 kwenye kila tofauti: 0, 1, -3, 3, -2, 2, -2, 1. Kila moja izidishe kwa yenyewe, ujumlishe: 32. Gawa kwa 7, yaani watu kasoro mmoja: 4.57. Kipeuo chake cha pili ni 2.14. Huo ni mkengeuko sanifu, kwa lugha ya nyumbani ni kiasi ambacho watu hutofautiana na wastani wao. Gawa 2.14 kwa kipeuo cha pili cha 8, ambacho ni 2.83: unapata 0.756. Sasa 8 gawa kwa 0.756 ni 10.58. Hiyo ndiyo t. Kwenye jedwali la t, kwa digrii huru 7 (wale watu kasoro mmoja), mpaka wa p ya 0.05 ni 2.365. Umeuvuka mbali, na p ya jaribio hili ni ndogo kuliko hata ile ya sarafu: iko chini ya 0.001.

Aliyetuletea hesabu hii, William Gosset, alifanya kazi kwenye kiwanda cha bia cha Guinness, Dublin, na mwaka 1908 aliichapisha kwa jina la kujificha, "Student". Shida yake ilikuwa kama yako: sampuli ndogo. Na ule mpaka wa 0.05 unaoogopwa kama simba (p ikiwa chini yake, watafiti husema wamepata kitu) ulienezwa na Ronald Fisher katika kitabu chake cha mwaka 1925 kama kipimo kinachofaa kutumika. Haukushuka na mvua.

Malizia na hiki: zidisha 0.756 kwa 2.365, unapata 1.79. Toa kwenye 8, kisha ongeza kwenye 8. Unapata sekunde 6.2 hadi 9.8. Huo ni upeo wa kuaminika wa asilimia 95, yaani makadirio ya tofauti ya kweli iko kati ya wapi na wapi, na binafsi nauthamini kuliko p, kwa kuwa unazungumza kwa sekunde, kitu ambacho hata bibi yako atakielewa.

Hatua ya 6. Sasa dodoso, na Kiswahili chenyewe

Watu hudhani dodoso ni rahisi kuliko jaribio. Tujaribu: usingizi na wasiwasi wa mtihani kwa wanafunzi.

Swali la kwanza utakaloandika ni "Unalala saa ngapi?" Wape watu sita. Mmoja ataandika 4, akimaanisha saa nne usiku. Mwingine ataandika 22:00, kaangalia simu. Wa tatu ataandika 7, akidhani umeuliza anapata saa ngapi za usingizi. Wote wamejibu sawasawa. Aliyekosea ni wewe. Yagawe: "Jana usiku ulipanda kitandani saa ngapi?" na "Leo uliamka saa ngapi?" Idadi ya saa utaitafuta mwenyewe. Hapa saa yetu inakupa zawadi: usiku unaanza saa kumi na mbili jioni, hivyo katikati yake namba hairudi sifuri. Aliyelala saa 4 akaamka saa 11 alfajiri kalala saa 7, unatoa tu. Aliyeamka saa 1 asubuhi mwandikie 13. Anayejaza 22:00 na 05:00 kwenye kompyuta atapata hasi 17 na aanze kulaumu programu.

Swali la pili: "Huwa hupati usingizi kirahisi?" Ndiyo au Hapana. Mmoja anajibu Ndiyo, yaani "ndiyo, sipati", kama tunavyosema kila siku mtu akituuliza "Hujala?" Mwingine aliyesomea shule za Kiingereza anajibu Hapana, yaani "hapana, sipati". Wote wawili wanakesha, nawe umewaweka kwenye visanduku viwili tofauti. Usiulize kwa ukanushi kunapokuwa na ndiyo na hapana. Andika "Huwa unachelewa kupata usingizi?"

Neno "mawazo" nalo lichunge. "Nina mawazo" kwa mtu wa mtaani ni dhiki ya moyo, si kwamba anafikiri. Ukitafsiri dodoso la kigeni neno kwa neno, utauliza jambo jingine kabisa. Njia iliyozoeleka ni kumpa mtu mmoja atafsiri kwenda Kiswahili, mwingine asiyeona asili arudishe kwenye lugha ya kwanza, kisha mlinganishe. Ila hiyo pekee haitoshi. Kaa na watu watano, mwombe kila mmoja aseme kwa maneno yake swali linauliza nini. Hapo ndipo utasikia vituko.

Halafu kuna heshima. Kijana anamwamkia mzee "Shikamoo", anamsomea kauli, na mzee anajibu "Ndiyo mwanangu" kwa kila moja kwa sababu hataki kumvunja moyo. Changanya kauli zinazokwenda pande mbili, na wakati wa kujumlisha mizani ya 1 hadi 5, zile za kinyume uzigeuze kwa kutoa alama kwenye 6. Usipogeuza, alfa ya Cronbach, kile kipimo cha kuona kama maswali yako yanavuta upande mmoja, itaanguka chini na hutajua kwa nini.

Tahadhari moja isiyo na mzaha. Dodoso la sonona liitwalo PHQ-9 lina maswali tisa, kila moja alama 0 hadi 3, na la tisa linagusa mawazo ya kufa au kujidhuru. Usilisambaze kama zoezi la darasa. Akitokea mtu akajibu 3 hapo, lazima ujue tangu jana unampeleka kwa nani leo.

Hatua ya 7. Watu wangapi?

Kwenye jaribio la Stroop wanane walitosha kwa kuwa athari ni kubwa na kila mtu alilinganishwa na nafsi yake. Mambo mengi ya saikolojia si makubwa hivyo. Ukilinganisha makundi mawili ya watu tofauti, na unatarajia tofauti ya nusu ya mkengeuko sanifu, unahitaji watu 64 kila kundi ili uwe na nafasi ya asilimia 80 ya kuiona. Programu ya bure ya G*Power inakupigia hesabu hiyo kwa dakika moja. Idadi ya "watu 30 inatosha" inayotembea mabwenini haina baba wala mama.

Hatua ya 8. Tazama data kabla ya kuipima

Nilipokuwa mwanafunzi niliingiza data ya wenzangu 60 wa mwaka wa pili. Watatu hawakuandika umri, nikawawekea 999 kama alama ya "hakuna". Sikuiambia programu. Nikatoa wastani wa umri, ukawa karibu 71. Niliuandika kwenye ripoti na kuikabidhi, na msimamizi aliizungushia ile 71 duara jekundu bila kuongeza neno.

Tangu hapo sianzi na kipimo. Naangalia namba ndogo kabisa na kubwa kabisa ya kila safu, kisha nachora. Mwaka 1973 Francis Anscombe alionyesha seti nne za namba zenye wastani sawa na uhusiano sawa wa takriban 0.82, lakini ukizichora moja ni mstari uliotawanyika kidogo, moja ni upinde, na mbili zimeharibiwa na nukta moja moja iliyokaa mbali. Wastani haukuonyeshi hayo.

Hatua ya 9. Usivue mpaka upate samaki

Una maswali ishirini kwenye dodoso, unalinganisha wanaume na wanawake kwa kila swali. Hata kama hakuna tofauti yoyote duniani, na maswali hayategemeani, uwezekano wa angalau moja kuvuka 0.05 ni asilimia 64. Ukiripoti hiyo moja na kuficha kumi na tisa, hujasema uongo hata kidogo, ila umedanganya.

Hili si la wanafunzi peke yao. Mwaka 2015 watafiti walitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizokwisha kuchapishwa. Katika zile za awali, asilimia 97 zilikuwa zimevuka 0.05; ziliporudiwa, asilimia 36. Tangu hapo wengi huandika mpango wao wa uchambuzi na kuuweka hadharani wenye tarehe, kwa mfano kwenye OSF, tovuti ya watafiti ambako ni bure, kabla ya kugusa data. Wewe umeshaanza: ni lile jedwali tupu pamoja na sentensi yako yenye mapengo.

Hatua ya 10. Programu, na sentensi ya ripoti

Ukishahesabu kwa mkono mara moja, hamia jamovi au JASP. Zote ni za bure, na zinafanya kazi bila intaneti zikishawekwa kwenye kompyuta. R ina nguvu zaidi ila inadai subira. Ianze ukiwa likizo. Ingiza zile sekunde kumi na sita nilizotunga, omba t ya jozi, na uhakikishe inakuletea 10.58, au hasi 10.58 ukitanguliza A. Ikileta nyingine, huenda umeomba t ya makundi huru.

Ripoti isomeke hivi: "Washiriki wanane walitumia wastani wa sekunde 15 kwa miraba na 23 kwa maneno, tofauti ya sekunde 8, upeo wa asilimia 95 kuanzia 6.2 hadi 9.8, t(7) = 10.58, p < .001. Hakuna aliyeondolewa." Ile ya mwisho usiiache. Kama uliondoa mtu, sema ni nani kwa namba yake, na kwa nini.

Ukimaliza, mtafute mtoto wa chekechea anayejua rangi lakini hajajua kusoma. Omba ruhusa kwa mzazi, mpe A na B zilezile. Kabla hujabonyeza saa, andika kwenye karatasi unavyotabiri itakuwaje, na uweke tarehe.